Msiseme Kiswahili Hakina Maneno, Semeni Hamjakaa kwa Fundi

Kuna kauli moja imenichosha. Naikuta kwenye mijadala ya waandishi, naikuta kwenye makongamano, naikuta hata kwa watu ninaowaheshimu sana: "Kiswahili ni kitamu kwa ushairi na mapenzi, ila kwa mambo ya teknolojia bado." Huisema kwa sauti ya huruma, kama mtu anayemzungumzia ndugu yake mgonjwa, kisha wanaendelea na Kiingereza chao. Mimi nasema kauli hiyo ni uvivu uliovaa suti. Na ushahidi wangu ni televisheni mbovu ya kibanda cha gemu.

Ihanda ni kata ya wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, nchi ya migomba na kahawa. Pale kuna kibanda cha gemu kama vilivyo vingi vya Tanzania: mabati, benchi la mbao, mashine mbili za PlayStation zilizochoka, na televisheni mbili za chogo. Msomaji wa Dar es Salaam ataniuliza kama chogo bado zipo. Zipo. Mwenye kibanda hanunui kioo bapa kwa sababu mtoto mmoja akikasirika akakirushia rimoti, biashara imekwisha. Chogo linapigwa rimoti, linapigwa kofi, linaendelea na kazi.

Jumamosi moja nilikuwa pale, vijana wawili wanacheza mpira, na mmoja anaongoza bao moja. Ghafla televisheni ikapiga mstari. Uwanja, wachezaji, majukwaa, vyote vikabanwa katikati ya kioo vikawa uzi mmoja mweupe, mlalo, unaong'aa kama upanga. Sauti ikaendelea. Yule aliyekuwa nyuma hakuacha kubonyeza. Sekunde chache baadaye tukasikia mashabiki wa kwenye gemu wanalipuka: bao! Basi ukazuka ugomvi ambao mwamuzi yeyote angeukimbia. Bao limefungwa, wote tumelisikia, hakuna aliyeliona. Je, linahesabiwa?

Fundi ana meza yake ng'ambo ya barabara. Alikuja akiwa na bisibisi mfukoni. Hakugusa bao, hakuuliza nani kashinda. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Punguzeni mwanga, mtakichoma kioo." Akashika rimoti, akaushusha mwanga mpaka ule mstari ukabaki kivuli. Halafu akasema, "Hii haijafa. Imelala tu."

Tukalibeba lile chogo hadi mezani kwake. Nilikaa kwake Jumamosi hiyo, nikarudi mbili zilizofuata. Ninachokuja kukisema hapa nilikitoa pale.

"Mwandishi, sikiliza," alianza. Ndivyo alivyoniita siku zote tatu. "Ndani ya shingo ya hii tyubu kuna bunduki tatu: ya nyekundu, ya kijani, ya bluu. Zinatema umeme kwenda mbele kwenye kioo. Umeme wenyewe hauna akili, ungekwenda moja kwa moja ukapiga katikati, ukapata nukta. Sasa shingoni tumeuvisha koili. Koili moja inauvuta kushoto na kulia, hiyo ni horizonto. Nyingine inauvuta juu na chini, hiyo ni vetiko. Ni kama mtu analima. Anatoka kushoto anakwenda kulia, anarudi mbio, anashuka hatua moja, analima tuta la pili. Anamaliza shamba zima kabla hujapepesa jicho. Sasa vetiko ikigoma, mkulima hana wa kumshusha. Analima tuta lile lile, lile lile. Ndiyo huo mstari."

Naomba urudie kuisoma aya hiyo. Hapo pameelezwa namna tyubu ya picha inavyofanya kazi na sababu ya hitilafu yake mojawapo kubwa, kwa Kiswahili, na mtu ambaye hajawahi kualikwa kwenye kongamano lolote la lugha. Nilipofika nyumbani nilikwenda kuhakiki. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio televisheni zetu zilitumia, shamba lina matuta 625, nalo hulimwa mara 25 kwa sekunde. Zidisha: matuta 15,625 kila sekunde. Mkulima wa fundi yuko sahihi kabisa, tatizo lake ni kwamba ana mbio kuliko mkulima yeyote wa Karagwe.

Halafu akafanya jambo ambalo sisi watu wa fasihi tunapenda kulisifia kwenye riwaya za upelelezi. Alianza kuwaondoa washukiwa kabla hajafungua hata skrubu moja. "Kioo kinawaka, si ndiyo? Basi umeme mkubwa upo. Kama umeme mkubwa upo, fulaibeki ni nzima. Kama fulaibeki ni nzima, transista ya horizonto nayo ni nzima, kwa sababu ndiyo inayoiendesha. Sauti ipo, kwa hiyo pawa imefika. Amebaki nani? Amebaki vetiko peke yake. Na vetiko ina watu wanne tu: aisii yake, kapasita zake, umeme unaoilisha, na lehemu."

Ilikuwa lehemu. Alifungua mgongo, akauondoa umeme uliobaki kwenye kioo (hilo nitalirudia), akageuza bodi, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: kuzunguka mguu mmoja wa aisii kulikuwa na pete nyeusi nyembamba kama unywele. Aisii ile hupata joto chogo likiwaka, hupoa likizimwa. Kila siku chuma kinatanuka na kusinyaa, mwisho lehemu inapasuka na mguu unabaki unaelea. Akaisafisha, akaichomea upya, akawasha kwa kupitia balbu. Hii balbu nayo ni elimu. Fundi ameifunga kwenye njia ya umeme kabla ya televisheni. Bodi ikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na kuumeza umeme wote, bodi inapona. Bodi ikiwa nzima, balbu inawaka kidogo kisha inafifia. Ikafifia. Uwanja ukafunguka.

Kwa siku tatu nilijaza daftari. Fundi huyu ana lugha. Picha inayopanda juu bila kusimama, anasema *imelewa*. Picha iliyosinyaa juu na chini ikaacha weusi, *imefinya*. Ikiwa sehemu ya juu imejikunja juu ya yenyewe, *imekunja kola*, na hapo hushika kwanza kapasita, kwa sababu kapasita za vetiko zikikauka ndivyo picha inavyofanya. Kioo chenye baka la kijani au zambarau kwenye kona, *kimeshika rangi*: mtu ameweka spika karibu, sumaku yake imeubadili wavu wa chuma ulio nyuma ya kioo. Kioo kinachochukua dakika nzima kuleta picha, tena picha hafifu, *jicho limechoka*, na hapo anamwambia mwenye mali ukweli, asile hela yake bure. Picha ikiwa ya rangi ya maji ya bahari, hahangaiki na bluu wala kijani, anamtafuta nyekundu aliyetoroka. Ikiwa ya njano, aliyetoroka ni bluu.

Watakuja watu watasema: lakini bwana, fulaibeki, vetiko, aisii, kapasita, si Kiingereza hicho? Ndiyo, kilikuwa Kiingereza. Kama vile *meza* ilivyokuwa Kireno, na *kitabu* kilivyokuwa Kiarabu, na *shule* ilivyokuwa Kijerumani. Neno likishaingia mdomoni mwa fundi, likapata irabu yake ya mwisho, likakubali kusema "vetiko yake imegoma", limeshapata uraia. Na angalia zaidi mahali ambapo fundi hakukopa. Chombo amekikopa jina, lakini *ugonjwa* ameutaja kwa Kiswahili: kulewa, kufinya, kukunja kola, kushika rangi, kuchoka jicho. Kuita kitu jina mtu anaweza hata kwa kusoma boksi. Kuitaja hitilafu kwa jina ni lazima uwe umeiangalia kwa miaka.

Na neno *chogo* lenyewe? Nani alilitunga? Hakuna kamati. Watu waliona televisheni yenye kisogo kikubwa, wakaitania kama wanavyomtania mtoto shuleni, jina likabaki. Kabla vioo bapa havijaja halikuhitajika, kwa sababu televisheni zote zilikuwa na chogo. Lugha iliona tofauti mpya duniani, ikaipa jina kwa neno la mwili wa mtu. Halafu kuna mtu anakaa mbele ya kipaza sauti ananiambia lugha hii bado haijaiva.

Hapa nataka niwe mkweli kwa Baraza la Kiswahili la Taifa na wenzao, kwa sababu kuwapiga wao ni rahisi na kila mtu anafanya hivyo. BAKITA ipo tangu 1967, na istilahi zake si za kuchekwa zote. *King'amuzi* ni neno zuri, na leo hakuna bibi wa Karagwe asiyelijua. Kwa nini? Kwa sababu lilikuja pamoja na kitu. Tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ilizimiwa mitambo ya analojia, mikoa mingine ikafuata, na kila mwenye chogo akalazimika kununua hicho kidude au akae gizani. Kidude na neno vilifika mlangoni siku moja. *Kishikwambi* nacho wengi tulikicheka, mpaka sensa ya Agosti 2022 ilipowaleta makarani majumbani mwetu wakiwa wamekishika mkononi. Kicheko kikaisha. Somo ni wazi: neno hushinda likitembea na kazi. Neno linalokaa kwenye orodha linasubiri kazi ambayo labda imeshapewa jina na mtu mwingine, huko mezani, miaka 20 iliyopita. Kwa hiyo swali langu kwa watunga istilahi ni moja tu. Kabla ya kutunga, mlipita kwa fundi kuuliza yeye anaitaje?

Lakini lawama yangu kubwa siipeleki BAKITA. Naileta hapa hapa, kwetu sisi tunaosoma na kuandika kwenye kurasa kama hizi.

Fundi ana kazi gani kwenye hadithi zetu? Ni mwongo. Anasema "njoo kesho", anakula hela, anabadilisha spea nzima kwa mbovu, anachekesha, anatoka jukwaani. Ni kweli mafundi wa hivyo wapo, mimi mwenyewe nimewahi kuachiwa redio ikiwa haina spika. Lakini kumwandika fundi bila kazi yake ni sawa na kumwandika mvuvi bila ziwa. Tunajua fundi anavyodanganya. Hatujui anavyofikiri. Hatujui kwamba kabla hajashika bisibisi ameshawaondoa washukiwa watatu.

Na msiniambie fasihi ya Kiswahili haina desturi hiyo. Inayo, ila tumeiacha njiani. Adam Shafi katika *Kuli*, mwaka 1979, alitupeleka bandarini Zanzibar, tukaona mizigo na migongo inayoibeba. Na ng'ambo ya Ziwa Victoria kutoka Bukoba, kule Ukerewe, Aniceti Kitereza alikaa akaandika riwaya yake kubwa ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe. Aliimaliza mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980 kwa Tanzania Publishing House. Ukiifungua unakuta watu wanapendana, wanagombana, wanatafuta mtoto, lakini unakuta pia wanavyotengeneza vitu, wanavyolima, wanavyovua, wanavyotibu. Aliona maisha ya wazee wake yanapotea, akayaweka ndani ya hadithi kwa subira ya mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu. Wengi wetu tunaisifu riwaya hiyo. Ni wangapi kati yetu tumefanya kazi hiyo kwa kizazi chetu? Kitereza aliandika ufundi wa wakati wa babu zake. Sisi hatujaandika hata wa wakati wa kaka zetu.

Nikifika hapa huwa nakatizwa. "Chogo zimekufa, ndugu yangu. Tuandike ya nini?"

Nina majibu mawili. La kwanza ni la nje. Mashine za gemu za kuingiza sarafu, zile zilizojaa Marekani na Japani miaka ya 1970 na 1980, za *Space Invaders* ya mwaka 1978 na *Pac-Man* ya mwaka 1980, zilikuwa na kioo cha chogo ndani ya kabati. Leo kule kuna watu, wengine madaktari na wahasibu, wanaozinunua mbovu na kuzifufua. Wanapambana na nini? Mstari mlalo katikati ya kioo. Picha iliyofinya. Kapasita zilizokauka. Baka la rangi kwenye kona. Lehemu iliyopasuka kwa pete nyeusi. Ugonjwa ule ule wa Ihanda, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba wao wameandika. Kila hitilafu ina picha yake na maelezo yake, hatua kwa hatua, na kijana wa miaka 15 akipata kabati bovu anasoma na kuanza. Hawasubiri kitu kiwe na soko ndipo wakiandike. Wamekiandika kwa sababu walikipenda walipokuwa watoto.

Na sisi je, hatukupenda? Wangapi mnaosoma hapa mlikuwa na ile gemu ya kanda yenye bunduki ya plastiki ya kupigia bata? Bunduki ile haifanyi kazi kwenye kioo bapa, na wengi hawajui kwa nini. Fundi alinieleza. Ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha bata anageuka kiboksi cheupe. Bunduki haitemi kitu chochote, ina jicho tu, linatazama kama mbele yake pamewaka weupe kwa wakati ule ule. Chogo linawaka papo hapo. Kioo bapa kinachelewa kidogo, jicho linakuta giza, bata anaondoka anacheka. Utoto mzima wa watu wa rika langu umo ndani ya kuchelewa kule kudogo. Hiyo si fasihi?

Jibu la pili ni la hapa nyumbani, na hili halina utani.

Nyuma ya kila chogo kuna onyo. Limeandikwa kwa Kiingereza. Kioo cha rangi kinahitaji umeme wa kati ya volti 20,000 na 30,000, unaotoka fulaibeki na kuingia ubavuni mwa tyubu kupitia kifuniko cha mpira kinachofanana na kikombe cha kunyonya. Tyubu yenyewe hutunza umeme huo. Unaweza kuchomoa waya ukutani, ukanywa chai, ukarudi, ukaingiza kidole chini ya ule mpira, ukarushwa. Ndiyo maana fundi kabla ya kugusa lolote huchukua bisibisi ndefu aliyoifunga waya, upande wa pili wa waya ameubana kwenye ardhi ya tyubu, anaipenyeza ncha chini ya mpira, unasikia *tap!* Anarudia tena. Ndipo anaingiza mkono. Yeye anaita *kuchapua*.

Nilimuuliza nani alimfundisha kuchapua. Akanionyesha kovu. Alikuwa na miaka 16, anajifunza kwenye duka moja la mjini ambalo siku hizi halipo. Hakuna aliyemwambia. Alirushwa mpaka kwenye rafu, na mkono uliporudi nyuma kwa kishindo ukakatwa na kona ya mgongo wa televisheni. "Pale ndipo nilipofundishwa," alisema, akacheka. Mimi sikucheka. Kitabu cha ufundi cha televisheni ile kilikuwepo dukani, juu ya kabati, kwa Kiingereza. Bosi wake alikuwa anakitumia kuwekea vikombe.

Kwa hiyo mtu akiniambia suala la lugha na teknolojia ni mjadala wa wasomi, namwambia nenda kamwangalie yule mkono. Sentensi tatu za Kiswahili zingetosha: umeme unabaki ndani ya kioo, uondoe kwanza, uondoe hivi. Sentensi tatu tu! Hazikuandikwa kwa sababu walioweza kuandika walikuwa wanaandika juu ya mwezi na mahaba, na walioweza kuchapua hawakuombwa kuandika.

Na kufa kwa chogo hakumalizi hatari, kunaihamisha. Kioo cha tyubu, hasa sehemu ya nyuma yenye umbo la faneli, kina madini ya risasi. Sasa hivi machogo yaliyokufa yanatupwa kwenye mashimo, yanavunjwa na watoto wanaotafuta waya wa shaba, yanachanganyika na udongo ambao migomba inaota. Nani kawaambia wale watoto? Kwa lugha gani?

Tuna tabia ya kudhani kwamba ufundi ni kitu kilichotufikia kwenye maboksi. Karagwe ndiyo mahali pa mwisho ambapo mtu anapaswa kudhani hivyo. Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, walifika kwenye ufalme ambao hazina yake ya kifalme ilikuwa na vitu vya chuma vilivyofuliwa, wakiwamo ng'ombe wa chuma. Nyundo ya mhunzi ilikuwa alama ya utawala. Fikiria hilo: mfalme anajivunia nyundo. Na upande wa Buhaya, mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha kwenye jarida la *Science* habari za uyeyushaji wa chuma wa kale wa huko, na dunia ikashangaa joto ambalo matanuri yale yalifikia. Walijuaje? Walikuwepo wazee waliokuwa bado wanakumbuka, wakaombwa, wakajenga tanuri tena. Wangechelewa miaka 20, kumbukumbu ile ingekuwa makaburini. Na aliyewahi hakuwa mwandishi wetu. Alikuwa mgeni, akaandika kwa Kiingereza, na mjukuu wa mhunzi leo akitaka kusoma kazi ya babu yake anahitaji kamusi.

Je, turudie kosa lile lile na mjukuu wa fundi chogo?

Najua udhaifu wa hoja yangu, ngoja niuseme mwenyewe kabla hamjausema. Lugha ya fundi mmoja si lugha ya mafundi wote. Anachokiita kukunja kola, mwingine wa Mwanza anaweza kukiita vingine kabisa. Sawa. Ndiyo sababu ya kwenda kwa mafundi wengi, si sababu ya kukaa nyumbani. Kamusi zote duniani zilianzia kwenye fujo ya namna hiyo. Pia siwaambii muache mwezi na mahaba. Nasema mwezi una waandishi wa kutosha.

Basi ninaomba kitu kidogo. Kila anayejiita mwandishi katika ukurasa huu atafute fundi mmoja mwaka huu. Wa redio, wa cherehani, wa saa, wa pampu, yeyote ambaye kazi yake iko mlangoni kutoka. Akae naye Jumamosi tatu. Amlipe muda wake, kwa sababu kila dakika anayokueleza ni dakika ambayo hashiki kazi ya mteja. Aandike maneno yake kama anavyoyasema, asiyasahihishe. Kisha arudi amsomee alichoandika, na fundi akisema "hapo umedanganya," akifute. Wahariri nao waache kuzirudisha makala hizo kwa maelezo kwamba "si za kifasihi". Mtu anayeweza kukufanya umwone mkulima asiye na wa kumshusha ndani ya kioo cha televisheni, huyo anajua sitiari kuliko nusu ya diwani nilizotumiwa mwaka jana.

Kuhusu lile bao, mwenye kibanda aliamua mechi irudiwe kutoka sifuri, na kila mmoja akanuna.

Jumamosi ya tatu nilimsomea fundi sehemu ya makala haya. Mteja aliingia katikati, mama mmoja aliyebeba redio ndani ya kanga. "Waitu, hii itapona?" Fundi akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mezani, akamwambia akae. Kisha akanigeukia. Alisema mkulima yuko sawa, bunduki ziko sawa, ila kuna kitu nimekiweka chini sana. "Ile ya kuchapua, mwandishi. Hiyo iweke juu. Mtu anaweza asimalize kusoma."

Nimeshindwa kuiweka juu kwa sababu makala ina njia yake. Basi naiweka mwisho, pale ambapo macho hubaki. Chogo likishachomolewa ukutani bado lina umeme. Chukua bisibisi ndefu yenye mpini mzima wa plastiki, ifunge waya, upande wa pili wa waya ubane kwenye ardhi ya tyubu, mkono mmoja uweke mfukoni, penyeza ncha chini ya kikombe cha mpira mpaka usikie *tap*. Subiri kidogo. Rudia. Ndipo uingize mkono.